Kulifuata Gari Langu Hadi Mwese

Niliondoka nyumbani kwangu Ilembo, hapa Mpanda, kwenda kulitafuta gari nililoliuza miaka tisa iliyopita. Nilitaka kulinunua tena ili nilikatekate. Wengi wamenicheka kwa hilo, na wengine wamesema maneno mabaya zaidi ya kucheka, kwa hiyo naandika ilivyokuwa.

Jumamosi moja ya mwezi wa tano nilikuwa nimekaa mbele ya kibanda changu cha kuziba pancha, mguu wangu mbovu nimeunyoosha juani. Likapita pikapu la bluu limejaa magunia, na watu wamekaa juu ya magunia. Kilichonishtua ni mwendo wake. Matairi ya nyuma hayakufuata njia ya matairi ya mbele. Gari lilikuwa linakwenda upande upande, kama mbwa anavyokimbia. Aliyewahi kumiliki gari anajua kuwa hiyo ni chasisi, ile mifupa ya chini inayobeba gari zima, imepinda au imeanza kukatika. Lilipokwisha kupita nikaona maandishi kwenye mlango wa nyuma, yamefifia lakini yanasomeka: TULIANZA WAWILI. Nikainuka bila kushika fimbo, nikaanguka palepale kwenye vumbi.

Gari lile lilikuwa la kwangu mimi na mke wangu Veronika. Tulilipata kwa mpunga wa misimu sita, na kwa miaka minne tukabeba nalo mpunga wa watu kutoka Majimoto na Usevya kuleta Mpanda. Siku moja ya masika, tumeshapita Kibaoni na mzigo umejaa, chasisi ikakatika katikati ya mwendo, tukapinduka. Mguu wangu wa kushoto ulivunjika mara mbili. Veronika alikufa palepale, mkoba wake mkononi.

Wakosaji nawataja kwa majina, maana nimenyamaza vya kutosha. Wa kwanza ni Alfani, fundi wa kuchomelea wa hapa Mpanda. Chasisi ilipopata ufa aliichomelea kiraka, na ni kiraka hicho kilichoachia. Wa pili ni dalali Kajiru. Gari lilipookotwa na kunyooshwa, aliliuza mimi nikiwa bado natembelea magongo, akala chake na hakurudi hata kunijulia hali. Wa tatu ni mama mkwe wangu, Skolastika wa Majimoto. Huyu alisimama msibani, jumuiya nzima imekaa, akasema mwanawe hakufa kwa ajali, bali mimi nilimtoa ndagu.

Kwa asiye wa huku kwetu: ndagu ni dawa ya utajiri. Wanasema mtu anamtoa wa damu yake au mke wake, huyo akifa mali inakuja. Mali yangu mimi ilikuwa gari lililopinduka na mguu mmoja mzima. Lakini neno likisemwa msibani haliendi kaburini na maiti. Nilirushiwa mawe Majimoto. Banda langu la mpunga lilichomwa. Mke wangu alizikwa nikiwa nimelala hospitali, na nilipotoka nikazuiwa hata kuliona kaburi. Nikahamia Ilembo, nikajifunza kuziba pancha. Miaka tisa nimekula uchungu kama mtu alavyo chakula, asubuhi na jioni.

Sasa gari lile lile, na ule mwendo, linabeba watu. Ilikuwa lazima nilitoe barabarani kabla halijaua wengine. Niliuza kiwanja changu nilichokuwa nimefikisha msingi, nikafunga hela kwenye soksi ya mguu mbovu, ambao hakuna mtu anayependa kuugusa.

Hela ilipotimia, Jumatatu moja asubuhi nilianzia stendi, kwa Kajiru. Nilimkuta kwenye kijiwe cha kahawa, amenenepa, anasimulia habari za magari ya watu wengine. Hakunitambua mpaka nilipotaja maandishi ya mlango wa nyuma. Nikamwambia nataka kulinunua tena. Akacheka mpaka akaweka kikombe chini.

"Mzee Deo, watu wananunua gari, wewe unataka kununua kaburi?"

Nilimwambia aniambie tu alimpelekea nani, maana mnunuzi mimi sikumwona. Akasema alimuuzia Msukuma mmoja wa Mwamkulu anaitwa Masanja, lakini hajui kama bado analo. Akaniuliza kama nimejiandaa na ya soda. Nikampa. Mtu wa namna ile hata njia ya kwenda makaburini atakuonyesha kwa malipo.

Saa nne bodaboda ilinishusha Mwamkulu. Walikuwa wanapiga mpunga, majaruba yamekauka, vumbi la makapi limetanda, kila mtu anakohoa. Masanja alikuwa mtu wa makamo kama mimi, mrefu, amejifunga shuka kiunoni. Alinikaribisha kwenye kigoda, akaletewa maziwa, akanipa mimi kwanza. Ni mtu wa adabu, siwezi kumkataa kwa hilo. Akaniambia gari aliliweka miaka mitatu kisha akamuuzia mama mmoja wa Mwese, mfanyabiashara wa maharage, jina lake Adela.

Nilimuuliza kwa nini aliliuza. Akatazama wanawe wanaopiga mpunga, akasema lilikuwa linatembea upande. Aliona siku moja litamwua, akaona heri aliuze.

"Na huyo mama ulimwambia?" nikamuuliza.

Masanja alikunywa maziwa taratibu, akafuta mdomo.

"Wewe uliniambia?"

Nilimaliza maziwa yake nikaaga. Alinisindikiza mpaka njiani, akaniambia kadi ya gari hakuibadilisha, ilikuwa na jina langu na aliipeleka hivyo hivyo, kwa hiyo nikifika Mwese sitapata taabu ya kujitambulisha. Huku kwetu ndivyo tunavyouziana magari. Kubadilisha jina kunataka safari na ofisi na foleni. Sisi tunaandikiana mkataba kwa mwenyekiti, mashahidi wawili wanaweka sahihi, na kadi inaondoka na jina la mtu wa kwanza. Anayenunua baadaye anapewa kadi na mikataba yote ya nyuma, imebanwa pamoja.

Usiku ule Ilembo sikulala vizuri. Nilimlaani Masanja kimoyomoyo, nikamweka wa nne kwenye orodha yangu ya wakosaji. Lakini lile swali lake lilibaki.

Jumatano alfajiri nilianza safari ya Mwese. Bodaboda alikuwa kijana msemaji, lakini barabara ilimnyamazisha. Unapanda, unashuka kwenye korongo, unapanda tena, mawe yanateleza chini ya tairi kama mbegu za ubuyu. Mara mbili tulishuka tukasukuma. Kadiri tulivyopanda ndivyo hewa ilivyopoa, miti ikawa mirefu, na mashamba ya maharage yakaanza kuonekana kwenye miteremko, yamening'inia kama yatadondoka. Kila kona nilikuwa nawaza gari lile limejaa magunia na watu, likishuka hapa huku nyuma yake inakwenda kwake. Saa nane pikipiki ilikataa kabisa. Nikamalizia kwa miguu na fimbo. Wanawake wenye vikapu kichwani walikuwa wananipita, wananipa pole, wanapotelea mbele.

Saa kumi jioni nilifika nyumbani kwa Adela. Gari lilikuwa uani. Lilikuwa limeoshwa. Waliliwekea maturubai mapya, na kwenye kioo cha mbele mtu alikuwa amening'iniza rozari. Nililiona dogo kuliko nilivyolikumbuka.

Adela ni mama wa miaka arobaini na kitu, mfupi, ana sauti ya mtu aliyezoea kuita watu mlima wa pili. Nilipotaja jina langu aliita ndani, "Laurenti, njoo umwone mtu wa kwenye kadi." Laurenti ni mdogo wa marehemu mume wake, na ndiye dereva. Alitoka anafuta mikono, akanitazama juu mpaka chini, akasema alikuwa anafikiri Deogratias Kasogela alishakufa, maana kadi imezeeka sana.

Walinipa maji ya kuoga na ugali na maharage. Baada ya kula nikaeleza shida yangu, lakini nilieleza nusu. Nilisema ni gari la mke wangu marehemu, nataka kumbukumbu. Nikataja kiasi nilichonacho. Kilikuwa kikubwa kuliko thamani ya gari lenyewe, na hapo ndipo nilipoharibu.

Adela alisema halitauzwa. Ndilo gari pekee la kijiji kile. Linashusha maharage, linashusha wagonjwa, na wajawazito wenye matatizo linawafikisha hospitali Mpanda. Mwaka uliopita tu limeshusha watatu, na wote wako hai. Kesho yake Laurenti alikuwa anaondoka na magunia, na mke wake Tabu, mwenye mimba ya miezi minane na miguu iliyovimba, angekaa mbele akajifungulie mjini. Akaniuliza: wao wakiniuzia, wajawazito wapande fimbo yangu?

Laurenti yeye alikuwa ananitazama tu kwa kicheko cha pembeni.

"Mzee, umeficha nini humo? Tuambie basi tugawane."

Nikasema sikuficha kitu. Adela hakucheka. Akasema kwa sauti ya chini kwamba habari za ajali ya Kibaoni zilifika mpaka Mwese, na habari za msibani pia. Mtu hafungi safari kulifuata gari lililoua mke wake, na hela zaidi ya bei, kama hana chake ndani. Akaniambia nisikasirike, yeye anasema yanayosemwa.

Nilikasirika. Niligonga fimbo chini. Niliwaambia mimi si mchawi, sijawahi kwenda kwa mganga hata kwa jino, na mama mkwe wangu Mungu atamlipa. Yote hayo ni kweli. Niliyasema kwa nguvu ya mtu anayesema kweli. Nyie mnaosoma, sasa ninaelewa kitu ambacho jioni ile sikukielewa: lile neno ndagu lilinitesa, lakini pia lilinificha. Watu walipokuwa wananiuliza kuhusu ndagu, hakuna aliyewahi kuniuliza kuhusu chasisi. Na mimi kwa sababu la ndagu lilikuwa la uongo, nilijiona msafi wa yote.

Walinitandikia kwenye chumba cha magunia. Adela alisema asubuhi nitashuka nao bure, nikakae juu ya mzigo, nikalie kumbukumbu yangu njiani.

Alhamisi saa mbili asubuhi ukungu ulikuwa bado umefunika uwanja. Magunia yalikuwa yameshapakiwa usiku wa jana yake, springi zimekaa chini kabisa. Watu saba walikuwa wameshapanda juu, wamejifunika kanga na mablanketi, wanataniana kuhusu baridi. Mmoja aliniita, "Panda mchawi wetu, nafasi yako ipo karibu na spea." Wakacheka. Haikuwa kwa ubaya, ndivyo wanavyoongea.

Tabu alitoka ndani ameshikwa mkono. Msichana wa miaka ishirini na moja au mbili, uso umevimba, amevaa kandambili za mume wake kwa sababu zake hazimwingii. Aliponipita alinisalimia shikamoo, akasimama kidogo kupumua, akaomba radhi kwamba amechelewesha watu. Kisha akafunguliwa mlango wa mbele, upande ule aliokuwa anakaa Veronika.

Nilijilaza chini mbele ya tairi.

Laurenti alifikiri nimeanguka. Nilimwomba bisibisi. Nikajikokota chini ya gari, mgongo kwenye umande, nikaenda moja kwa moja pale, maana napajua kama ninavyojua kovu langu. Nikakwangua grisi na matope. Kiraka cha Alfani kilikuwepo, na juu yake kiraka cha pili, na pembeni ya viraka vyote viwili ufa ulikuwa unacheka. Nikatoa sarafu ya mia mbili mfukoni nikaiingiza. Ikazama yote. Nikamwita Laurenti aje aone. Alilala kando yangu, akatazama muda mrefu. Halafu akaniuliza nilijuaje pa kukwangua.

Tulipotoka chini nilisema mbele ya wote. Nilisema chasisi ile ilipata ufa mimi nikiwa mwenye gari. Fundi aliichomelea. Baadaye Veronika alinishikilia siku nyingi, akisema tununue chasisi nyingine, na hela tuliitenga. Mimi nikasema gari linaonekana chakavu, wateja wanakimbilia magari ya wenzetu yanayong'aa. Nikachukua ile hela nikapaka gari rangi ya bluu, nzima, na maandishi nyuma. Hela ya chasisi ikawa rangi. Miezi mitano baadaye alikufa. Baada ya ajali ikachomelewa kiraka cha pili juu ya kile cha kwanza, na nilipoliuza nilijua, na sikusema.

Juu ya magunia mama mmoja alianza kushuka, polepole, akishika kamba.

Adela aliingia ndani akatoka na mfuko wa nailoni. Humo mlikuwa na kadi na mikataba. Akafungua wa juu, ule wa kwake na Masanja, akasoma kwa sauti: "Gari ni zima wala halina kasoro yoyote ninayoijua. Amina." Akafungua wa katikati, ambao Masanja alikuwa amemwandikia mnunuzi mwingine kabla yake, aliyeshindwa bei: "Gari ni zima wala halina kasoro yoyote ninayoijua. Amina." Kisha akafungua wa chini, karatasi imekuwa ya njano, mwandiko mkubwa wa mtu wa darasa la nne. Wa kwangu. Maneno yale yale, na ile Amina niliyoiongeza mwenyewe, kwa sababu sikujua mkataba unamalizwaje.

Mikataba yote ilinakiliwa kutoka huo wangu. Uongo wangu ulikuwa umekuwa mfano wa kuandikia.

"Ungetuacha tuondoke," Adela aliniambia, "jina lako lingebaki lile la ndagu tu. Kwa nini umesema?"

Nikamwambia ni kwa sababu ya shikamoo ya yule binti.

Laurenti alinishika kola ya shati akaninyanyua mpaka fimbo ikadondoka. Aliponiachia alikuwa analia yeye. Akasema mwezi uliopita tu amemshusha mama yake mzazi kwa gari lile.

Saa nne magunia yote yalikuwa chini. Adela alichukua hela yangu yote, akaniambia haitoshi kununua gari lingine na nisidhani inatosha. Tukaandikishiana kwa mwenyekiti wa kitongoji. Mwenyekiti aliponiuliza aandike nini kuhusu hali ya gari, nilimwambia aandike: limekatika. Akanitazama, akaandika. Kisha Adela akasema gari litashushwa leo leo na nitalishusha mwenyewe, peke yangu, asiongozane nami hata kuku. Tabu alipakiwa kwenye pikipiki, dada yake amekaa nyuma yake amemkumbatia, shuka limewafunga wote pamoja na dereva. Wakatangulia.

Sikuwa nimeshika usukani tangu Kibaoni. Kila nilipokanyaga klachi mguu wangu wa kushoto ulipiga kelele mpaka kwenye meno. Nilishuka milima ya Mwese kwa gia ya kwanza, gari tupu, na kila korongo chuma kililia chini yangu kama mlango wa zamani. Mchana mzima nilikuwa na sauti hiyo tu. Nilitazama kiti cha pembeni mara moja, sikurudia. Kwenye mteremko mmoja nilikuta kandambili moja ya kiume katikati ya njia. Niliijua. Nilisimama nikaiokota, nikaiweka kwenye kiti, nikaendelea. Mpanda niliingia jua limeshashuka. Tabu walikuwa wameshamfikisha. Alijifungua baada ya siku nne, mtoto wa kike, wote wazima. Lakini Mwese mpaka leo wanashusha wajawazito kwa pikipiki, na hilo nalo liko juu yangu. Kandambili niliipeleka hospitali, nikaikabidhi kwa dada yake mlangoni, sikuingia.

Ijumaa asubuhi nililipeleka gari mpaka kwa Alfani. Nilitaka alikate yeye kwa mkono wake, na nilikuwa nimepanga maneno ya kumwambia kwa miaka tisa. Amezeeka, jicho moja limeungua na cheche. Alipoona kile kiraka alivua kofia. Kabla sijafungua mdomo akasema:

"Deo, nilikuambia miezi mitatu tu. Nikakuambia hii ni bandeji, si mfupa. Ukarudi hapa na rangi mpya, ukanipigia honi."

Nilikumbuka. Kweli nilipiga honi.

Alilikata bila malipo. Jioni kulikuwa na lundo la vyuma, na wa vyuma chakavu wakaja na mizani yao. Nilichukua kipande kimoja, urefu wa mkono, chenye viraka viwili na ufa. Kajiru bado namdai, hilo sifuti, kwa sababu alijua na alinishikia karatasi niandike. Lakini wa kwanza kwenye orodha yangu nilimfuta siku ile.

Jumapili nilipanda basi la Majimoto. Tulipita Sitalike, viboko wamelala mtoni kama mawe yaliyolowa, tukaingia hifadhini, mbung'o wakaingia madirishani, abiria wanajipiga makofi. Kabla ya kufika Kibaoni, pale tulipopindukia, niliinamisha kichwa. Kipande cha chuma nilikuwa nimekifunga kwenye kanga ya Veronika, kizito kwenye mapaja.

Mama mkwe nilimkuta uani anapepeta mchele. Mkwe hamkaribii mama mkwe wake, hata kama hakuna ugomvi, kwa hiyo nilisimama kwenye mpaka wa ua, nikageuza uso pembeni kama inavyotakiwa, nikasema nilichokuja kusema. Nilisema chasisi, nilisema rangi, nilisema mkataba. Nikaweka chuma chini nikakifunua. Ungo wake ulikuwa umesimama. Akasema:

"Kwa hiyo hukumtoa ndagu."

"Sikumtoa, mama."

"Miaka yote hii nimeamini ulimtoa. Nilikuwa najifariji." Alikusanya mchele uliomwagika, punje kwa punje. "Mtu wa ndagu anajua thamani ya anayemtoa. Ndiyo maana anamtoa yeye, hatoi mbuzi. Wewe hukujua hata thamani ya mwanangu. Ulimlinganisha na rangi."

Alisema chuma nikiache pale pale. Halafu akaelekeza ungo nyuma ya nyumba, bila kunitazama, akasema kaburi liko chini ya ule mti wa mwisho, niende nikamwambie na mwenyewe.

Nilikwenda. Ni kaburi la udongo, limefagiliwa, lina msalaba wa mbao ulioandikwa upya si muda mrefu. Nilikaa mpaka jua likahamia upande mwingine wa msalaba. Nilimwambia yote, mpaka ile honi.

Niliondoka Ilembo na majina ya wakosaji, na nimeyaandika hapo juu kama nilivyoahidi. Limebaki moja la kuandika. Kadi ya gari ninayo, iko kwenye mfuko wa nailoni wa Adela, nimeuning'iniza kibandani juu ya pampu. Wateja wakisubiri pancha wakiniuliza ni ya gari gani, nawapa waisome. Liliuzwa na kununuliwa mpaka likaisha, na miaka yote hiyo jina la mwenyewe halikubadilishwa: Deogratias Kasogela.